Mrejesho: ule ufadhili wa tamasha la beleski

Wakuu, niliuliza kama nikubali ufadhili wa tamasha la beleski (burlesque, sanaa ya jukwaani ya kuvua mavazi kwa madaha na mzaha) ng'ambo ilhali unalipia madarasa na kiingilio tu, nauli juu yangu. Nilikwenda, nimerudi juzi.

Aliyenishauri nibebe mavazi ya jukwaani mkononi, ubarikiwe: sanduku lilichelewa siku 2. Lilipofika, mapepeo yangu ya manyoya ya mbuni yalikuwa yamenywea kama kuku aliyenyeshewa. Nikayaning'iniza bafuni, nikafungulia maji ya moto. Mvuke ukayafumua manyoya taratibu.

Madarasa? Bibi mmoja mkongwe wa jukwaa alitumia dakika 40 kutufundisha kuvua glavu. Moja tu! Kidole kwa kidole, macho kwa watazamaji. Mimi nilikuwa naichomoa kama soksi.

Deni la nauli bado nalilipa.