Tupeane uzoefu: kubadilisha klachi na gia liva kwenye manual zenye mbio

Wakuu habari za jioni. Uzi huu ni wa sisi tunaoendesha manual (gia za mkono) kwa kupenda, Subaru WRX na STI, Toyota Altezza RS200, Mitsubishi Evo na ndugu zao. Wenye Noah auto piteni kimya kimya hehe. Kila aliyebadilisha klachi au gia liva aseme alikuta nini mle ndani, maana mafundi wengi wanakwambia tu "klachi imeisha boss leta hela" unalipa na hujui kimetoka nini kimeingia nini.

Naanza mimi. WRX ya 2003, injini ya EJ205, gia 5. Shida ilianzia mlima Kitonga, nakanyaga mafuta RPM (mizunguko ya injini) inaruka juu spidi imeganda palepale, na ile harufu mnaijua wenyewe. Nikaipeleka kwa fundi Ilala. Hapa msome taratibu: klachi ya hii gari ni ya kuvuta, sio ya kusukuma kama gari nyingi, release bearing (bearing inayoachia klachi) imejifunga kwenye presha pleti (ile inayobana pleti ya klachi), kwa hiyo ukifungua bolti zote za giaboksi ukaanza kuivuta haitoki hata muwe watu wanne. Pembeni ya giaboksi kuna kizibo cha allen key namba 10, nyuma yake kuna pini iliyoshika foku (mkono unaosogeza hiyo bearing). Unafunga bolti ya mm 6 kwenye tundu la hiyo pini unaivuta nayo, foku inakuwa huru, ndo giaboksi inaachia yenyewe. Fundi wangu alikuwa anaijua hiyo. Gereji nyingine nimeona wanachomeka mtaimbo katikati ya injini na giaboksi, aluminiamu inameguka unabaki unaangalia tu.

Tulibadili pleti, presha pleti, release bearing na ile bearing ndogo ya kwenye flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini). Flaiwili yenyewe ilikuwa na madoa ya bluu ya moto, ikaenda kuskimiwa (kusawazishwa uso kwa mashine). Sili ya nyuma ya kranki ilikuwa imeanza kulowana, nikasema ibadilishwe hapohapo, kasili kenyewe bei ya kawaida tu ila kakivuja mafuta yanalowesha pleti mpya unashusha giaboksi upya. Na bushi za gia liva zote nikaweka mpya na shoti shifta (liva ya mwendo mfupi) juu yake, kwa sababu kuzifikia kwa chini lazima utoe ekzosi na propela na hivyo vitu tayari vilikuwa chini. Gia sasa zinaingia kwa kifundo cha mkono tu, ila liva imekuwa nzito kidogo, mpenda laini asiweke. Karibuni.

---

Mazee uzi safi. Mimi niko Nairobi, STI ya gia 6, nilinunua ikiwa tayari mwenye nayo wa kwanza ameweka klachi ya mbio, ile ya vipande sita vya shaba bila pleti nzima. Kwa barabara tupu ni tamu sana, inashika papo hapo. Sasa ingia nayo Thika Road saa kumi na mbili jioni, kila ukiachia klachi gari inaruka, wife akaniambia hapandi tena. Nilienda Kirinyaga Road nikachukua klachi ya Exedy ya kawaida na maisha yakarudi. Kama hauendi kwa track wacha hiyo mambo.

---

Altezza RS200 hapa. Gia liva ilikuwa inacheza cheza, unatafuta ya 3 unaikuta ya 5. Fundi mmoja akaniambia giaboksi imekufa ninunue used nzima. Fundi mwingine akafungua konso ndani ya gari, akachomoa liva kwa juu, kale kabushi ka plastiki kanakokaa chini ya liva kametafunika hadi kametoka vipande. Kamewekwa kapya basi, giaboksi haikuguswa kabisa.

---

Naongezea kwa wenye Evo na wengine wote. Gia zikigoma kuingia asubuhi ila ukipampu pedali mara mbili tatu zinaingia, usikimbilie kushusha giaboksi. Angalia kwanza silinda ya klachi ya juu na ya chini, inaweza kuwa inavuja au ina upepo. Yangu ilikuwa ya chini, tukaweka mpya tukatoa upepo ikaisha hiyo kesi. Na kwenye Evo kushusha giaboksi maana yake transfa (boksi linalogawa nguvu kwa matairi ya mbele na ya nyuma) nayo inatoka, kwa hiyo hela ya kazi sio ile ya Corolla mjiandae.

---

Nani ameshauziwa feki? Mimi niliuziwa boksi la klachi jina kubwa kabisa, pleti ndani haiingii kwenye meno ya shafti ya giaboksi. Bahati fundi aliijaribisha kwa mkono kabla hajafunga chochote. Jamani ijaribisheni hivyo siku zote, iteleze kwenda na kurudi bila kulazimisha, ndo muifunge.

---

Mkuu uliyeanzisha uzi, baada ya kufunga uliiendeshaje? Na oil uliweka gani?

---

@hapo juu kilomita kama 800 za mjini, kusimama na kuondoka, hakuna kuondoka kwa fujo hata akija Evo pembeni taa za Mwenge (iliniuma sana hii). Oil ya giaboksi 75W-90 ya GL-5, lita 3 na nusu, na difu ya mbele inatumia hiyo hiyo maana iko nyumba moja na giaboksi, usidanganywe ukauziwa mara mbili.

---

Kumbe! Mimi nilitajiwa oil ya difu ya mbele kivyake. Ngoja nimpigie simu huyu jamaa.