Naombeni ushauri: nisaini maigizo ya muziki (musical) au niende odisheni ya kwaya ya opera? Viza imebaki miezi saba

mezo_wa_kibosho:
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo.

Mimi ni binti wa miaka 28, kwetu Moshi, niko Ujerumani mwaka wa nne sasa. Nilimaliza masta ya uimbaji wa opera mwaka jana, sauti yangu ni mezo-soprano, yaani sauti ya kike ya kati. Huku mwanafunzi wa kigeni akimaliza chuo anapewa miezi 18 ya kutafuta kazi ya fani yake, mimi nimeshatumia 11.

Kuimba nilianzia kwaya ya usharika, sauti ya pili, mwalimu anaandika d r m (do, re, mi) kwa chaki ubaoni mnarudia mpaka mnaiva. Usharika ndio ulionichangia nauli ya kuja huku. Kuna bibi mmoja alikuja baada ya ibada akafungua fundo la kitenge akanipa elfu tano imekunjwa mara nne, akaniambia nenda ukaimbe. Hiyo elfu tano sijaibadilisha mpaka leo, iko kwenye Biblia.

Sasa hali ilivyo. Odisheni za solo nimefanya 14, raundi ya pili nimefika mara mbili, kazi sijapata. Mawakala hawajibu barua pepe. Studio za opera za vijana, zile programu za kuwakuza waimbaji wapya, nyingi zinakomea miaka 30 au 32, kwa hiyo mlango wenyewe unafungwa. Mezani nina vitu viwili. Cha kwanza ni mkataba wa mwaka mmoja kwenye maigizo ya muziki, kundi la waimbaji wa pamoja, shoo nane kwa wiki, pesa ni nzuri na jibu wanataka ndani ya wiki mbili. Cha pili bado ni odisheni tu, kwaya ya opera kwenye mji mdogo, nafasi moja ya alto wa pili (sauti ya kike ya chini kabisa), wiki ijayo Alhamisi.

Mwalimu wangu wa sauti kaniambia ukienda maigizo unaharibu sauti, ukienda kwaya unajizika, subiri solo. Lakini yeye hana viza inayoisha. Nimelia sana wiki hii. Naombeni ushauri, hasa walioko kwenye hii kazi.

nai_soprano:
Pole dada, but usikate tamaa na solo mapema hivi. Mwangalie Pretty Yende, msichana wa Piet Retief huko Afrika Kusini, opera aliisikia mara ya kwanza kwenye tangazo la ndege la TV akiwa na miaka 16, hakuwa hata anajua hicho kitu kinaitwaje. Akasoma Cape Town, 2009 akashinda Belvedere, 2011 akashinda Operalia, zote ni mashindano makubwa ya uimbaji wa opera, 2013 akaimba Met, jumba la opera la New York, na 2023 akaimba kwenye kutawazwa kwa Mfalme Charles. Operalia inachukua mpaka miaka 32, bado uko na time. Hapa Nairobi tunaimba opera mara moja moja, mtu anafundisha piano asubuhi na kuimba harusi Jumamosi ndio alipe nyumba. Wewe uko mahali kuna jukwaa kila mtaa, kaza kidogo.

besi_mkongwe:
Mdogo wangu, marahaba. Mimi ni mtu wa Bukoba, nina miaka 16 kwenye kwaya ya opera huku Ujerumani, kwa hiyo hili neno la kujizika limenigusa na nitalijibu kwa urefu univumilie.

Ujerumani ina nyumba za opera kama 80 zinazoendeshwa kwa fedha za umma, na nyumba hizo zina kwaya ya kuajiriwa. Kuajiriwa maana yake mshahara wa kila mwezi, hata kiangazi jukwaa likiwa limefungwa unalipwa, una bima, una pensheni. Mwimbaji wa solo aliyeajiriwa na nyumba hiyo hiyo mkataba wake ni wa msimu mmoja mmoja, na kila mwaka kabla ya tarehe 31 Oktoba anakaa roho juu kama barua ya kutoongezewa itakuja au haitakuja. Mkurugenzi mpya akiingia anakuja na waimbaji wake, nimeona watu wenye sauti ambazo ukizisikia unasahau kupumua wanafunga mizigo na watoto wao wako darasa la pili. Sisi wa kwaya kututoa ni kazi kubwa zaidi.

Kazi yenyewe sasa. Asubuhi saa nne mpaka saa saba mazoezi, jioni saa kumi na mbili tena mazoezi au shoo. Kwa msimu unabeba kichwani opera kumi na zaidi, Kiitaliano, Kifaransa, Kijerumani, wakati mwingine Kirusi au Kicheki, bila karatasi, huku unatembea na gauni zito na taa usoni. Kwenye Carmen wanawake wa kiwanda cha sigara wanaimba huku wanavutana nywele jukwaani, na nyie alto mna sehemu yenu nzuri sana pale. Mke wa rafiki yangu aliingia kwaya akidhani anapumzika kidogo, mwaka wa kwanza alipungua kilo sita. Nyumba inapohitaji mtu wa sehemu ndogo ya solo, mjakazi, mlinzi, mara nyingi huchukuliwa mtu wa kwaya na kulipwa juu ya mshahara.

Nai, Yende ni fahari yetu sote. Ila aliposhinda Belvedere alikuwa na miaka 24, na kipawa kile hakigawiwi kila mtu. Huyu dada ana miezi saba.

jukwaani_kila_siku:
Mimi nimeimba maigizo ya muziki miaka sita, nilisoma opera kama wewe, kwa hiyo ngoja niseme upande huu maana naona unahukumiwa bila kusikilizwa.

Hakuna sauti inayoharibika kwa sababu ya jina la kazi. Tofauti kubwa ni maiki. Opera unaimba bila kipaza sauti, umefundishwa kuifanya sauti ing'ae pale kwenye masafa ya kama Hz 3000 ambapo okestra ina nguvu kidogo, ndiyo maana mtu mmoja anasikika juu ya watu sitini. Kwenye maigizo maiki imebandikwa kwenye paji la uso chini ya wigi, kwa hiyo hawahitaji ule mng'ao, wanataka maneno yasikike kama mtu anaongea, na nyimbo nyingi zinataka uvute sauti ya kifua, ile nzito ya kuongelea, mpaka juu kabisa. Hapo ndipo mtu wa opera anapoumia, akifanya hivyo mara nane kwa wiki bila mwalimu anayejua. Mimi mwezi wa tatu niliamka sauti haipo kabisa, nikanyamaza siku tisa naandika kwenye karatasi, na meneja hakupiga hata simu.

Kwa hiyo kabla ya kusaini omba nota za sehemu yako, zote. Angalia noti ya juu kabisa ni ipi na inaimbwa kwa sauti gani, kifua au kichwa. Uliza utakuwa mbadala wa nani, maana mbadala ndiye anayebebeshwa mzigo mtu akiugua. Kama ni ya kupokezana sauti kama kwaya zetu, utafurahi. Mfano Der König der Löwen ya Hamburg, yaani The Lion King, lile igizo la Simba na Rafiki, ipo tangu 2001, watu wanavuka mto Elbe kwa boti kwenda kusikia waimbaji wengi wa Afrika, na sisi tunaojua maana ya simba na rafiki bila kutafsiriwa tunakaa pale na machozi.

Na mlango haufungwi milele. Audra McDonald alisoma uimbaji wa opera Juilliard, chuo cha sanaa cha New York, leo ana Tony sita, zile tuzo za maigizo ya Broadway, mtaa wa majumba ya maigizo huko New York. Kelli O'Hara naye alisoma opera, akang'ara Broadway, halafu akaimba Met. Ila hao ni Marekani, huku Ujerumani mchanganyiko ule ni mgumu zaidi, nakubali.

Baba_Eliya:
Binti, mimi muziki siujui, nimesindikiza tu mwanangu kwenye haya mambo ya vibali. Andika kwa ofisi ya wageni, kwa maandishi, uulize kama huo mkataba wa maigizo unahesabika kuwa kazi ya fani uliyosomea. Jibu la mdomo la dirishani usilitegemee. Pia kuna ZAV, huduma ya serikali ya kutafutia wasanii kazi, wana kitengo cha waimbaji, wanakusikiliza bila kukutoza. Umeshaenda?

mezo_wa_kibosho:
Asanteni mno, nimesoma yote mara tatu. Baba Eliya, ZAV sijawahi kwenda, nimeandika leo leo. Jukwaani, nimeomba nota, wamenitumia kurasa nane, na sehemu ya mbadala ni kifua mpaka mi ya juu, nimeijaribu chumbani koo likaniwasha. Pole sana kwa siku tisa zile.

Kaka Besi, nimeamua Alhamisi naenda. Hofu yangu ni moja, wakinipa ukurasa nisioujua nisome papo hapo nitakwama. Nota za mistari mitano nimeanza kuzisoma nikiwa na miaka 20, kichwa changu bado kinafikiri d r m.

besi_mkongwe:
Hicho kichwa kinachofikiri d r m ndicho kitakachokuokoa. Nyumba nyingi zinatuma vipande vya lazima mapema, kavikariri. Ukipewa ukurasa mgeni, angalia mwanzo wa mstari. Kama kuna shapu (alama ya ♯), ile ya mwisho kulia ndiyo ti, panda nusu hatua umeipata do. Kama ni flati (alama ya ♭), ya mwisho ndiyo fa, shuka fa mi re do. Ikiwa wimbo una huzuni, nyumbani kwake ni la. Baada ya hapo uko ubaoni kwa mwalimu wako wa usharika, imba. Mimi niliingia hivyo hivyo.

Atakayekusikiliza si mkuu wa kwaya peke yake, wawakilishi wa wanakwaya nao wanakaa humo na wana kauli. Wanatafuta mtu wa kusimama naye bega kwa bega miaka ishirini. Usiwaimbie kama uko peke yako duniani. Aria (wimbo wa solo wa opera) ya kwanza chagua unayoiweza hata ukiwa na homa.

nai_soprano:
Sawa, nimekubali, enda dada. Hiyo elfu tano ya shosho ubebe kwa mkoba.

mezo_wa_kibosho:
Naibeba na Biblia yake. Swali la mwisho, nivae viatu virefu au vifupi?

besi_mkongwe:
Vifupi, ulivyovizoea. Majukwaa mengine yameinama kuelekea kwa watazamaji, ukisimama na kisigino kirefu mgongo unakaza na pumzi inapanda kifuani. Fika nusu saa kabla, omba uingie ukatembee juu yake.