Silabi moja, lugha kibao: umeshakutana na "ni", "ne" au "si" ya watu wengine? Tupeane uzoefu

#1
Wakuu habari zenu. Najifunza Kijapani na kuna kitu kinanisisimua sana, haka ka "ni" ketu. Sisi tunakatumia mpaka hatukasikii tena, ni mwalimu, nimekuja, ananipenda, njooni, nyumbani, yaani sauti moja kazi tano. Sasa kwa Kijapani "ni" ni mbili, ya kuhesabu, afu hapohapo wana "ni" nyingine wanaipachika nyuma ya jina la mahali, "ie" ni nyumba kwa hiyo "ie ni" ndo nyumbani kabisa, imekaa palepale inapokaa ya kwetu! Na hizi lugha hazina undugu wowote. Ukienda Kichina "ni" kwa toni ya kushuka kisha kupanda ni wewe. Leteni za kwenu, mlizozisikia kwa masikio yenu.

#2
Mi niliishi chumba kimoja na Mhausa, kwao "ni" ni mimi. Tulifurahi sana siku tuliyogundua, maana na sisi tunasema nilikula, nilikuja, tukaanza kuitana ndugu na mpaka leo tunaitana hivyo. Si ushahidi huo jamani?

#3
Undugu wa moyoni upo mkuu, ila wa lugha hapana. Kihausa kiko ukoo mmoja na Kiarabu na Kiamhara, sisi ni Wabantu. Hata Kiarabu kina "ni" mwishoni mwa kitenzi ikimaanisha mimi ninayetendewa na kuna watu wanadhani tumeikopa huko, lakini tulichokopa ni maneno, viambishi vya nafsi ni vyetu toka asili. Konsonanti moja na irabu moja, mdomo wa binadamu una michanganyiko mingapi? Lazima zigongane tu. Undugu utauona kwenye maneno mengi yanayofuatana kwa utaratibu, angalia tatu, Kishona tatu, Kizulu thathu, Kiganda ssatu. Na kugongana sio kwa silabi fupi tu, Kimbabaram cha wenyeji wa Queensland, Australia, mbwa ni "dog" kama Kiingereza na hawakuazimana.

#4
Aisee mi niko melini, kwetu hii ni habari ya usalama kabisa. Mgiriki akisema "ne" amekubali, Mbulgaria akisema "ne" amekataa, afu Mbulgaria akikubali anatikisa kichwa kulia kushoto. Sasa uliza valvu imefungwa kwenye kelele za injini uone. Siku hizi kila anayejibu anarudia sentensi nzima, valvu imefungwa au valvu haijafungwa, hakuna kukata.

#5
Hao wawili ni ndugu wa mbali lakini, wote Indo-Ulaya. Nje ya ukoo wao Mkorea naye "ne" ni ndiyo, Mturuki anauliza nini, Mhungaria anakukataza usifanye.

#6
Mhispania nilimwambia "si kweli" akaitikia kwa furaha kubwa, kumbe "si" kwao ni ndiyo. Nikamfundisha "sio", akaipenda.

#1
Wa melini asante sana, hiyo ya kurudia sentensi nzima naichukua. Kijapani nako "ne" ipo, wanaitundika mwishoni kutaka mwenzio akubali, kama sisi tunavyosema "eti eeh". Mwenye lugha za visiwa vya Pasifiki aje, bado hatujapata.