Mjadala: Je, mizani inatosha kutuambia nani ana unene wa hatari?

Mchangiaji aliyenitangulia ameshikilia kwamba kliniki ziendelee kupima uwiano wa uzito na urefu (BMI) peke yake, yaani kilo zikigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, kwa kuwa hesabu hiyo ni rahisi na mtu anayefika 30 anajulikana kote duniani kuwa ana unene uliokithiri. Urahisi wake naukubali. Kwamba inatosha, siafiki.

Baba yangu mdogo ana urefu wa sentimita 170 na uzito wa kilo 71. Kwa hesabu hiyo yuko chini ya 25, ambapo uzito huanza kuhesabiwa kuwa umezidi, na kila aliposhuka kwenye mizani aliambiwa yuko salama. Miguu yake ni myembamba, lakini mkanda huufunga chini ya kitambi, na siku tulipomzungushia futi ya fundi cherehani, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, tulipata sentimita 97. Kisukari chake kiligunduliwa alipokwenda kutibiwa kidonda cha mguu kilichokataa kupona. Linaniuma, maana futi ile ilikuwamo nyumbani miaka yote.

Jambo hili si geni. Mwaka 1947 Jean Vague, daktari wa Marseille, alieleza kwamba unene wa tumboni huandamana na kisukari kuliko ule wa nyonga na mapaja. Mafuta yanayozunguka utumbo huachia asidi zake kwenye mshipa unaokwenda moja kwa moja kwenye ini, na ini likishajaa mafuta haliitikii tena insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, ipasavyo, bali huendelea kumwaga sukari kupita kiasi kwenye damu hata pale mtu asipokuwa amekula. Mafuta ya chini ya ngozi hayana makali hayo: mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wanawake wanene 15 walionyonywa takriban kilo 10 za mafuta ya chini ya ngozi ya tumbo, na miili yao haikuitikia insulini vizuri zaidi ya awali.

Hata hivyo, simwungi mkono anayesema kuwa mwenye nyonga pana hana la kuogopa. Uzito mkubwa huchosha magoti na kubana pumzi usingizini, na wengi ambao leo vipimo vyao vya damu ni vizuri hupata maradhi baada ya miaka.

Hoja nzito ya upande wa pili ni kwamba viwango vya kiuno tunavyotumia, sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, vilitokana na vipimo vya Wazungu. Ni kweli, na ndiyo maana mimi naegemea kipimo ambacho Uingereza ilikiingiza katika mwongozo wake wa tiba mwaka 2022: kiuno kisifike nusu ya urefu. Kwa baba mdogo, nusu hiyo ni sentimita 85.