MRI nyingine baada ya kemo 2 tu, ya nini?

mdogo_mtu: Wakuu habarini. Dada yangu ana kansa ya titi, wameamua aanze na kemo ndo apasuliwe baadae. Kashawekewa dripu mbili, jana daktari kaandika tena MRI (ile picha ya mashine ya sumaku) wakati alipiga kabla hajaanza, na akijipapasa uvimbe anauona uko vilevile. Bima imegoma. Si wasubiri tu amalize dozi jamani?

Chumba_cha_Picha: Pole sana mkuu. Mi niko radiolojia. Saizi ya uvimbe inachelewaga kubadilika, kwa vigezo vya RECIST (vya kupima uvimbe unavyojibu dawa) mpaka kipenyo kipungue angalau 30% ndo wanahesabu uvimbe umeanza kujibu dawa. MRI inawahi zaidi, kuna picha za DWI zinaangalia maji yanavyotembea katikati ya seli. Kwenye kansa seli zimebanana, maji hayapiti, namba inayoitwa ADC inakua chini, sasa seli zikianza kufa nafasi inapatikana ADC inapanda hata kama uvimbe kwa nje ni uleule. Chukulia daladala ya jioni, abiria wameanza kushuka konda anapita vizuri ila bodi ya gari haijapungua. Halafu wanachoma gadoliniamu, dawa ya kung'arisha picha, kwenye mshipa waone damu inavyoingia na kutoka kwenye uvimbe. Marekani utafiti wa I-SPY 2 ulioanza 2010 unatumia MRI hivihivi, kwa wagonjwa wa titi wanaoanza na kemo kama dada.

mama_zuu: Aende mashine ileile ya mwanzo, ADC za mashine tofauti hazilinganishiki vizuri. Mbebe na CD ya kwanza, sio ripoti tu. Na figo zipimwe kreatinini kabla ya kuchomwa hiyo dawa.

Kijiweni: Ila tusimpe matumaini ya bure, ADC kupanda sio kupona. Shangazi yangu MRI ilitoka safi kabisa, alipopasuliwa patholojia (wanaopima nyama iliyokatwa) wakakuta mabaki ya kansa.

mdogo_mtu: Asanteni. CD ipo. Sasa wakikuta haijabadilika kitu?

Chumba_cha_Picha: Hapo ndo faida yake, anabadilishiwa dawa mapema badala ya kutapika miezi na nywele kuisha kwa dozi isiyofanya kazi. Sasa muulizeni daktari KABLA hamjalipa, majibu yakiwa mabaya ana dawa gani nyingine mkononi? Kama hana, mwambieni hela ni ya mfukoni, ultrasaundi inaweza kutosha kufuatilia saizi mpaka siku ya upasuaji.