Shimo jeusi halinyonyi! Mwanangu kawekewa mkasi kwa kusema kweli

Wakuu, nimekasirika na leo sinyamazi.

Binti yangu yuko kidato cha pili. Kwenye jaribio la fizikia waliulizwa: Jua likigeuka ghafla kuwa shimo jeusi lenye tungamo lilelile, Dunia itakuwaje? Akajibu itaendelea kuzunguka palepale, ila giza na baridi vitatumaliza. Kawekewa mkasi mwekundu, pembeni kaandikiwa "itanyonywa". Nilipokwenda kuuliza nikaambiwa mzazi nisiingilie taaluma.

Taaluma gani hiyo? Mvutano hutegemea tungamo na umbali. Tungamo halijabadilika, umbali ni uleule wa kilomita milioni 150, hiyo nguvu ya kunyonya imetoka wapi? Jua lingebanwa likabaki na nusu kipenyo cha kilomita 3 tu. Ukivuka hapo ndipo hata mwanga hautoki tena, ndiyo maana likaitwa shimo jeusi. Sisi tuko mbali mno na hapo!

Na ushahidi upo. Katikati ya galaksi yetu kuna shimo jeusi, Sagittarius A*, lenye tungamo la Majua milioni 4. Nyota iitwayo S2 inalizunguka kwa miaka 16. Mwaka 2018 ililipitia karibu ikikimbia zaidi ya kilomita 7,000 kwa sekunde, ikageuza, ikaenda zake. Haikunyonywa. Wanaastronomia wakapima mwanga wake, wakakuta umevutika kuelekea wekundu, yaani mawimbi yake yamerefuka, sawasawa na hesabu za Einstein.

Kinachonichoma zaidi ni la muda. Mwalimu huyohuyo kawaambia watoto kuwa muda kwenda polepole penye mvutano mkubwa, kama karibu na shimo jeusi, ni "nadharia tu". Simu iliyo mfukoni mwake inamkana! Saa za setilaiti za GPS, kilomita 20,000 juu, zingeziacha saa za huku chini kwa mikrosekunde 38 (mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde) kila siku: mvutano hafifu wa kule unaziwahisha 45, mwendo wake unazichelewesha 7. Simu hujua ulipo kwa kupima safari ya mawimbi yaendayo kwa kasi ya mwanga, na mwanga katika mikrosekunde 38 hukata zaidi ya kilomita 11. Ndiyo maana wahandisi huzirekebisha. Nadharia tu hairekebishiwi saa.

Mtoto sasa hataki kunyoosha mkono darasani. Nataka karatasi ile isahihishwe mbele ya wenzake. Walimu wa fizikia mliomo humu, nirudi kwa mkuu wa shule au niende moja kwa moja kwa afisa elimu?