Ufinyanzi wa Watwa darasani: vyungu vinapasuka

Mwalimu_Kalehe: Wenzangu wa Bukavu, darasa la 5 linasoma sayansi kwa ufinyanzi wa wazee wa Kitwa. Vyungu vinapasuka. Kosa liko wapi?

Mama_Kadutu: Mwalimu, udongo mtupu hausimami. Vipimo 4 vya udongo, 1 cha vigae vya chungu cha zamani, vilivyotwangwa. Kausha kivulini, si chini ya siku 7. Juani, nje hujikunyata kabla ya ndani: ufa. Maji yakibaki, motoni yanakuwa mvuke, paa! Hapo ndipo somo lilipo.

Papa_Nguba: Bibi mfinyanzi wa Kitwa aongoze kwa Kihavu, lugha yake, wewe andika vipimo ubaoni. Na alipwe! Sheria ya Kongo (RDC) ya 15 Julai 2022 inalinda haki za Wapigme, na Watwa wamo. Kumwita bure ni dharau.

Mwalimu_Kalehe: Aksanti. Tulikuwa tunaanika juani.